Namna ya Kutazama Michoro ya Kale Kwenye Kuta za Mahekalu ya Kihindu: Mwongozo kwa Msafiri wa Malindi

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi, zilikuta bandarini vyombo vinne vya wafanyabiashara waliotoka India. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile anaeleza kwamba wafanyabiashara hao walipoonyeshwa picha ya Bikira Maria waliinama mbele yake, na Wareno wakaamini papo hapo kuwa wamekutana na Wakristo wenzao. Tarehe 24 ya mwezi huo waliondoka na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi, na tarehe 20 Mei wakafika pwani ya Calicut, kusini magharibi mwa India. Huko walipelekwa kwenye hekalu wakalidhania kanisa, wakasali ndani yake, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba kutani kulikuwa kumechorwa watakatifu wengi wenye taji, wengine meno yamechomoza nje ya kinywa na mikono yao ni minne au mitano. Hata mikono hiyo haikuwatosha kuwazindua.

Kosa lile lilianzia katika mji wetu, na mgeni hulirudia hadi leo anapotazama mchoro wa watu wengine na kuona ndani yake yale aliyokuja nayo kichwani. Maelezo haya yamekusudiwa kumsaidia mtu wa Malindi, na wa pwani kwa jumla, aliepuke. Wengi wetu hufika India kwa ajili ya matibabu, ya nafsi zao au ya wazazi, na kati ya siku ya vipimo na siku ya majibu hubaki na siku kadhaa za kukaa Chennai au Bengaluru bila shughuli. Siku mbili kati ya hizo zinatosha kuona michoro ya ukutani ambayo kwa maoni yangu haina mfano katika nchi zote zinazoizunguka bahari yetu, mradi mtu ajue aende wapi, asimame wapi, na aanze kutazama nini.

Kabla ya safari: nenda Gedi

Jicho hufundishwa nyumbani. Gedi iko takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, na tangu mwaka 2024 imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa bado chini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na katika sehemu kadhaa lipu ya zamani ingali imeshika. Mwanga unapokuja kutoka ubavuni, lipu ambayo adhuhuri huonekana kuwa uso mmoja mtupu huanza kutoa habari zake: mahali mwiko ulipopita, mahali fundi mmoja alipoachia na mwingine akaanza, nyufa nyembamba za ukaukaji, na mikwaruzo iliyoachwa na watu wa kale. Tazama ukuta huohuo tena saa sita mchana, uone ni mangapi kati ya hayo yametoweka. Ukishajua kwa macho yako mwenyewe kwamba mwanga wa ubavuni hufichua na mwanga wa usoni huficha, utakuwa umepata nusu ya ujuzi unaohitajika ndani ya hekalu lolote.

Nusu ya pili iko kwa fundi wa chokaa, na bado tunao, Malindi na Lamu. Mwombe akueleze jinsi matumbawe yanavyochomwa kwenye tanuri, jinsi chokaa inavyozimwa kwa maji na kuachwa ikomae, na jinsi lipu inavyopakwa kwa tabaka, nzito kwanza na laini mwisho. Jambo ambalo kila fundi analijua kwa mikono, hata asipolieleza kwa maneno ya sayansi, ni kwamba chokaa haikauki kama tope linavyokauka. Huvuta kutoka hewani gesi ya kaboni dayoksaidi na polepole hurudi kuwa jiwe. Rangi iliyopakwa lipu ikiwa bado mbichi hufungwa ndani ya jiwe hilo jipya na kuwa sehemu ya ukuta. Rangi iliyopakwa baada ya lipu kukauka huhitaji gundi ya kuishika, nayo hukaa juu ya uso wa ukuta na huwa rahisi kubanduka. Wachoraji wa India ya kusini walizitumia njia zote mbili, na wakati mwingine walizichanganya katika mchoro mmoja.

Kerala, jimbo la pwani ya kusini magharibi mwa India, ndiyo iliyo karibu zaidi na mazoea yetu. Wachoraji wa huko, wanaofanya kazi juu ya lipu iliyokauka, huchanganya chokaa ya tabaka za mwisho na maji ya madafu, wakaipaka mara nyingi sana kwa tabaka nyembamba hadi ukuta uwe mweupe na laini, kisha huishika rangi kwa gundi ya mwarobaini. Mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa dafu wala mwarobaini ni nini. Nyeupe yao mara nyingi ni ukuta wenyewe ulioachwa bila kupakwa. Nyekundu ni ngeu, yaani udongo mwekundu, njano ni udongo wa njano, nyeusi ni masizi ya taa ya mafuta, na kijani hupatikana kwa mchanganyiko unaotumia mmea wa nili. Palipo na rangi chache hivi pana sababu: chokaa ni kali, huziua rangi nyingi za mimea, na fundi wa kale alibaki na zile alizojua kuwa zitaishi. Unapoingia hekaluni, basi, jiulize kwanza ni rangi ngapi zilizotumika. Kama unaona zambarau inayong'aa au buluu kali inayometa, kuna uwezekano mkubwa kwamba unatazama kazi ya dukani iliyopakwa juzi juu ya kazi ya zamani.

Wapi uanzie

Anayekaa Bengaluru na aanzie Lepakshi, takriban kilomita 120 kaskazini mwa mji huo, katika hekalu la Virabhadra lililojengwa karne ya 16, wakati wa mfalme Achyuta Deva Raya wa Vijayanagara, dola ya Kihindu ya kusini mwa India, na ndugu wawili waliokuwa watumishi wa dola, Virupanna na Viranna. Nalipa hekalu hili nafasi ya kwanza kwa sababu michoro yake iko kwenye dari za kumbi za mbele ambazo mgeni wa dini yoyote huruhusiwa kuingia, na kwa sababu kumbi hizo ziko wazi pembeni, kwa hiyo mwanga huingia kutoka ubavuni kama ule wa Gedi asubuhi.

Anayekaa Chennai na aende Thanjavur, takriban kilomita 340 kusini, kwa treni. Hekalu la Brihadisvara lilikamilishwa mwaka 1010 kwa amri ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Limejengwa kwa granaiti, na mnara wake unapita mita 60. Lazima ujue mapema kwamba michoro ya Chola yenyewe imo katika ujia mwembamba unaozunguka chumba kitakatifu, na ujia huo kwa kawaida haufunguliwi kwa wageni. Nakala zake zimewekwa katika chumba cha maonyesho ndani ya ua, na michoro ya karne za baadaye inaonekana kwenye dari la banda la fahali Nandi na katika baraza zinazouzunguka ua. Huko Hampi, mji mkuu wa kale wa Vijayanagara, dari la ukumbi wa hekalu la Virupaksha lina msafara mzuri wa mwanachuoni Vidyaranya akibebwa kwenye machela. Ni safari ndefu zaidi, nami naipendekeza kwa mwenye wiki nzima.

Kerala ina mahekalu mengi yenye michoro, lakini mengi kati yake huwaruhusu Wahindu peke yao, na huo ni uamuzi wao wa kuheshimiwa bila kulalamika. Muislamu au Mkristo wa pwani atakayetaka kuijua michoro ya aina hiyo na aende Kochi kwenye jumba la Mattancherry, ambalo Wareno walimjengea mfalme wa Kochi yapata mwaka 1555 na Waholanzi wakalikarabati katika karne iliyofuata. Si hekalu, sasa ni makumbusho, na vyumba vyake vina michoro ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi juu ya Rama, ya namna ileile inayopatikana katika mahekalu ya jimbo hilo.

Adabu za kuingia

Viatu huvuliwa nje, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea msikiti halina ugeni. Mavazi yawe ya kusitiri. Katika baadhi ya mahekalu ya Kerala wanaume hutakiwa kuvua shati. Asiyeweza na abaki nje. Usiuguse ukuta wala nguzo yenye rangi, na mkoba usiubebe mgongoni katika ujia mwembamba, kwa kuwa unapogeuka ndio unaosugua. Ibada ikianza, sogea pembeni, nyamaza, na usubiri imalizike, kwani michoro ile iliwekwa kwa ajili ya ibada hiyo na wewe ni mgeni wake. Hutakiwi kuinama wala kupokea chochote ikiwa imani yako haikuruhusu. Kukataa kwa upole, mkono ukiwa kifuani, kunaeleweka kila mahali.

Kuhusu kamera, uliza mlangoni kila mara, hata kama umeona wengine wakipiga picha. Ukiruhusiwa, zima mmweko. Tochi ndogo isiyotoa joto inaweza kukufaa sana ukiielekeza kando ya ukuta, lakini nayo iombee ruhusa kwa mlinzi kwanza.

Kuusoma mchoro

Ukishaingia, usikimbilie kutafuta majina ya miungu. Simama katikati ya ukumbi, utazame mpangilio wote. Katika dari nyingi za Vijayanagara picha zimepangwa kwa mikanda mirefu, na kila mkanda una kisa chake au sehemu ya kisa. Tafuta mkanda unapoanzia, ukikumbuka kwamba waumini huzunguka hekalu wakiliacha upande wao wa kulia, kama unavyokwenda mshale wa saa, na kwamba mchoraji mara nyingi alimpangia mtu anayetembea hivyo. Tembea nao. Msomaji aliyezoea kwamba picha moja ni wakati mmoja atapotea hapa, kwa sababu mtu yuleyule huchorwa mara tatu au nne katika mkanda mmoja, kila mara akifanya jambo linalofuata, na kinachozigawa nyakati hizo ni mti, nguzo, au mtu aliyegeuza mgongo. Huenda pia ukaona maandishi mafupi chini ya mkanda, katika hati ya Kitamil au Kitelugu. Mwombe mwenyeji akusomee, kwani mara nyingi humtaja mhusika waziwazi.

Kisa kimoja cha Lepakshi ni kizuri kwa mazoezi. Ni cha mfalme wa Chola aliyesifika kwa uadilifu, ambaye mwanawe alimkanyaga ndama kwa gari lake akamuua. Ng'ombe mama akaenda kwenye jumba la mfalme kudai haki, na mfalme akahukumu kwamba mwanawe naye apitiwe na gari, ili baba aonje uchungu alioonja ng'ombe. Mtafute ng'ombe kwanza, kisha gari, kisha mfalme. Ukivipata hivyo vitatu, mkanda wote utajipanga wenyewe mbele ya macho yako bila mtu kukueleza. Kingine ni cha shujaa Arjuna na mungu Shiva aliyejigeuza mwindaji, wawili hao wakimpiga mishale nguruwe mwitu mmoja na kugombania ni nani aliyemuua. Hapo mtafute nguruwe.

Sasa tuje kwenye alama. Kila mungu katika michoro hii ana vitu vyake, na vitu hivyo ndivyo vinavyomtambulisha kuliko uso wake, kwa kuwa nyuso hufanana. Shiva ana jicho la tatu katika paji la uso, hilali katika nywele, nyoka, mkuki wa ncha tatu, na karibu naye yupo fahali. Vishnu hushika gome la konokono wa baharini linalopulizwa kama baragumu, na kisahani chenye makali. Rama ni mtu wa upinde, mara nyingi akiwa na mdogo wake Lakshmana na yule shujaa mwenye umbo la nyani, Hanuman. Krishna ana filimbi na ng'ombe. Ganesha ana kichwa cha tembo na panya miguuni. Brahma ana vichwa vinne, na Durga hupanda simba au chui milia.

Mikono mingi iliyowashangaza Wareno ni njia ya mchoraji ya kusema mambo kadhaa kwa pamoja juu ya mhusika mmoja. Mkono mmoja hubeba silaha, wa pili hubeba zawadi, wa tatu umefunguliwa kuelekea kwako kiganja kikiwa mbele, na huo humaanisha usiogope. Hesabu mikono, kisha andika kila mmoja umeshika nini. Meno yaliyochomoza nayo ni alama ya ukali. Utayaona kwa sura za kutisha za miungu yenyewe, na kwa walinzi wanaosimama pande mbili za mlango, ambao kazi yao ni kumzuia mwovu asiingie. Anayewaona walinzi hao na kudhani kwamba watu wa hekalu wanaabudu mashetani amefanya kosa lilelile la mwaka 1498, kwa upande wake mwingine.

Katika michoro ya Kerala rangi ya ngozi pia husema. Kijani ni ya wahusika watulivu na wachamungu, nyekundu hadi njano ya dhahabu ni ya wenye hamasa na utawala, na nyeupe au nyeusi ni ya walio duni kwa tabia. Nyeupe hapo haina sifa ile tunayoipa sisi, na hilo pekee linaweza kumpindua msomaji asiyeonywa.

Jambo ambalo ningependa kila mtu wa pwani alitazame kwa muda mrefu kuliko mengine yote ni nguo. Pwani yetu ilivaa nguo za India kwa karne nyingi, na vitambaa vyenyewe vimeoza. Lakini dari za Lepakshi zimejaa vitambaa vilivyochorwa kwa uangalifu wa mtu aliyeijua nguo, mistari, miraba, maua, pindo pana na jinsi zinavyokunjwa kiunoni. Tazama pia wanaume wa baraza la mfalme. Wamevaa kofia ndefu zilizochongoka na kanzu za mikono, mavazi yaliyoingia Vijayanagara kutoka nchi za Kiislamu, yakavaliwa na waheshimiwa wa Kihindu katika dola ya Kihindu na kuchorwa ndani ya hekalu bila mtu kuona aibu. Aliyelelewa Malindi, ambako bahari imeleta watu, vyakula na mavazi tangu kale, atalielewa jambo hilo haraka kuliko mgeni wa mbali.

Mchoro chini ya mchoro

Ukuta wa zamani mara nyingi una zaidi ya mchoro mmoja, na Thanjavur ni mfano mkubwa kuliko yote. Kwa muda mrefu watu waliouona ujia ule waliona michoro ya wafalme wa Nayak, watawala wa baadaye wa Thanjavur, ya karne ya 17. Mwaka 1931 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Annamalai, S. K. Govindaswami, aliona kwamba palipobanduka lipu ya juu palikuwa na rangi nyingine chini yake. Ilikuwa michoro ya Chola, ya zamani za hekalu lenyewe, iliyofunikwa na kwa kufunikwa ikahifadhika. Humo yumo mtakatifu mshairi Sundarar akipanda mbinguni juu ya tembo mweupe, na rafiki yake mfalme akimfuata juu ya farasi. Yumo Shiva juu ya gari la vita akienda kuiangamiza miji mitatu ya maadui. Mistari yake ni myepesi na hai kiasi kwamba hata kwenye nakala mtu huona mkono haukusita.

Tatizo lililowakabili wahifadhi ni gumu na linafaa kufikiriwa na kila mtu anayejali majengo ya kale. Ili kuiona ya chini, ya juu lazima iondoke, na ya juu nayo ina zaidi ya miaka 300 na ni kazi ya watu walioliheshimu hekalu lilelile. Idara ya Akiolojia ya India haikuichagua moja na kuiharibu nyingine. Wataalamu wake walibandua sehemu za michoro ya Nayak zikiwa nzima pamoja na lipu yake nyembamba, wakazibandika kwenye mbao za fiberglasi, na hivyo karne zote mbili zimebaki. Nauona uamuzi huo kuwa wa hekima. Ni kazi ya maabara na ya miaka, na pasiwe na mtu yeyote, mhudumu wa hekalu au fundi wa mtaani, atakayeijaribu kwa kisu kwa kuwa tu ameona rangi ikichungulia.

Wewe mtazamaji, alama za mchoro uliofichika ni hizi: ukingo wa lipu unaoonekana kama hatua ndogo, rangi mbili zisizohusiana mahali pamoja, au mstari wa mkono unaoingia chini ya rangi ya nyuma ya picha na kutoweka. Ukiuona mstari wa namna hiyo, uandike mahali ulipo.

Kutambua madhara

Mtu wa Malindi anazo sababu nyingi za kuwa mwalimu katika sehemu hii. Unga mweupe unaotokeza chini ya kuta zetu baada ya masika, ule ambao huisukuma lipu mpaka ikaanguka kwa vipande, ni chumvi iliyopandishwa na maji kutoka ardhini au kuletwa na hewa ya bahari. Maji yanapotoka kwa njia ya mvuke, chumvi hubaki, huganda na kuupasua uso wa ukuta kutoka ndani. Ukiuona unga huohuo chini ya mchoro, jua kwamba mchoro unakufa kwa sababu ya maji, na kwamba dawa iko kwenye paa, kwenye mfereji au kwenye msingi, wala haiko kwenye rangi. Tafuta pia saruji. Nyufa zilizozibwa kwa saruji ya kijivu ndani ya ukuta wa chokaa huyafungia maji njia ya kutokea, nayo hutafuta njia nyingine kando yake, kwa kawaida kupitia mchoro. Nyumba nyingi za kale za pwani yetu zimeumizwa kwa nia njema ya namna hiyohiyo.

Weusi juu ya michoro ya hekaluni kwa sehemu kubwa ni moshi wa taa za mafuta na ubani wa karne nyingi, na mahali panapofikiwa na mkono huongezeka mafuta ya viganja. Popo nao huharibu sana, kwa kuwa mkojo wao hula rangi. Lakini hasara kubwa zaidi huja wakati wa furaha. Kwa desturi ya kusini hekalu hufanyiwa upya na kuwekwa wakfu tena kila baada ya miaka 12 hivi, na katika maandalizi hayo kuta nyingi za kale zimepakwa chokaa au rangi ya mafuta, na nyingine zimepigwa mchanga kwa mashine ili zing'are. Muumini anayefanya hivyo analipamba hekalu lake kwa moyo safi, na sina neno la kumlaumu kwa moyo huo. Nalaumu kwamba hakupata mtu wa kumwambia kilichokuwa ukutani. Ndiyo maana maelezo yaliyoandikwa vizuri, hata ya mgeni wa siku moja, yana thamani.

Daftari

Beba daftari lisilo na mistari na penseli, kwani kalamu ya wino huweza kuchuruza na haifai kuwa karibu na ukuta wa thamani. Chora kwanza ramani ndogo ya ukumbi, weka alama ya mashariki, na uzipe nguzo nambari kuanzia mlangoni. Kila unachokiandika baadaye kitaje mahali kwa ramani hiyo, kwa mfano: dari kati ya nguzo ya tatu na ya nne, mkanda wa pili kutoka kaskazini. Bila mahali, maelezo mazuri kupita yote hayamsaidii mtu.

Kisha chagua eneo dogo, lisilozidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ulikalie kwa saa nzima. Lichore kwa mistari hata kama hujui kuchora, kwa sababu penseli humlazimisha mtu aone kidole kimeelekea wapi na jicho linamtazama nani. Andika rangi kwa majina unayoyajua kwa hakika, ngeu, masizi, udongo wa njano, nyeupe ya chokaa, na palipo na shaka weka alama ya kuuliza. Tenga ukurasa mmoja kwa yale uliyoyaona kwa macho, na mwingine kwa yale uliyoelezwa na kuhani, mlinzi au mwongozaji, ukitaja ni nani kati yao aliyekueleza. Ukurasa wa kwanza ukisema kuna mtu mwenye mikono minne aliyeshika filimbi, na wa pili ukisema ni mungu fulani, msomaji wa baadaye ataweza kukubali wa kwanza hata akikataa wa pili. Wareno wangeandika hivyo, leo tungejua mengi zaidi kuhusu kuta walizoziona Calicut.

Ukiona madhara mapya, lipu iliyofura, maji yanayochuruzika, jina la mtu lililokwaruzwa siku za karibuni, mweleze mlinzi au afisa wa Idara ya Akiolojia aliyepo langoni, na umpe nakala ya mchoro wako wenye nambari za nguzo. Vipande vya rangi vilivyoanguka sakafuni visiokotwe wala visifagiliwe pembeni; mwonyeshe vilipo hasa, kwa maana mhifadhi anaweza kuvirudisha mahali pake akijua vilianguka kutoka sehemu gani ya mchoro.